Maktaba Moja, Matoleo Mawili

Mwanafunzi aliyeko Rongo, Migori, akimwelekeza mwenzake wa Homa Bay ukurasa fulani wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mmoja akiwa na toleo la 1981 na mwingine la 2004, huenda wasilikute neno lile lile. Jina la kitabu ni moja, kurasa zimehama. Hivyo ndivyo programu zinavyokosana ndani ya tarakilishi. Zana za kuundia programu haziji na kila kitu. Nyingi huazima maagizo katika maktaba ya pamoja. Mtafiti anayesakinisha zana ili achanganue sigana za Wajaluo alizozirekodi, akabandika toleo jipya juu ya lile la mfumo wa Linux, huweza kujikuta na mashine isiyowaka, na tasnifu imo humo.

Zana ngeni na ipewe folda yake, pamoja na maktaba zake. Amri ya ldd itaonyesha inaazima wapi. Kigezo cha LD_LIBRARY_PATH kielekezwe huko kwa zana hiyo peke yake. Wengi hukiweka kwa kikao kizima, na huko, kwa kweli, ni kuuhamisha ugomvi tu: programu nyingine, zilizokuwa salama, huanza kusoma toleo lisilo lao.