Hatukuagwa

Shule zetu za bweni hazina mahafali. Wale wa kwenye filamu za Marekani hurusha kofia juu, wazazi wakipiga picha na mkuu wa shule akimpa kila mmoja mkono. Sisi huku unamaliza karatasi ya mwisho ya KCSE, unaenda bwenini, unabeba boksi na godoro, unatoka. Ukizubaa dakika ishirini getini, askari anakuuliza unangoja nani.

Kitu pekee kilichokaribia mahafali kilikuwa siku ya maombi. Prayer day. Usidanganywe na jina, maombi yenyewe yalikuwa ya saa moja na nusu hivi. Nilisoma shule ya wavulana upande wa Imenti, juu kidogo ya Nkubu, mahali ambapo ukungu wa Mlima Kenya hushuka jioni ukakukuta bado unafua soksi. Jina la shule naliacha, mliopitia mshaijua. Nikiwa mono niliiona siku hiyo mara ya kwanza, nikiwa nimetumwa kupanga viti. Kina mama walikuja kutoka Maua, Mikinduri, Chuka, Runyenjes, na hotpoti za chapati, mukimo na kuku wa kienyeji. Padre alinyunyizia maji ya baraka kalamu na seti za jiometri zilizojazwa kwenye karai. Halafu ikaja sehemu ambayo, kusema kweli, ndiyo ilikuwa siku yenyewe: kila mzazi alimwita mwanawe mbele, akamwekea mkono kichwani, akasema neno.

Wababa wa kwetu hawasemi. Anaweza kukulipia karo miaka minne kwa majani chai bila kukuambia hata mara moja kwamba anakujali. Lakini siku ile hakuwa na pa kujificha. Nilimwona mzee mmoja mwenye gumboti na koti la suti akishika kichwa cha kijana aliyemzidi urefu, akanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akasema tu, "Huyu ni wangu." Akarudi kuketi. Kijana, kapteni wa raga, mtu tuliyemwogopa kama moto, alilia mbele ya shule nzima na hakuna aliyemcheka.

Lazima uelewe kwamba wavulana wa huko tayari wameshaambiwa kwamba wao ni wanaume. Meru na Embu, mvulana hutiwa jandoni Desemba ile ya kumaliza darasa la nane, ama ndivyo ilivyokuwa wakati wa KCPE. Wameru humwita asiyetahiriwa mwiji, na hilo si jina unalotaka kuingia nalo kidato cha kwanza. Kwa hiyo kuingia utu uzima kuna sherehe zake: kuna mbuzi, kuna mtu wa kukuuguza na kukuonya, kuna nguo mpya. Kutoka shule, ambako ndiko unakotupwa kwenye utu uzima wenyewe, wa kodi na nauli, hakuna kitu. Kuna prayer day basi.

Sisi tulikuwa kidato cha nne mwaka wa 2016.

Kwa mliokuwa wadogo: mtihani wa 2015 ulikuwa umevuja vibaya. Maswali yalizunguka WhatsApp, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Fred Matiang'i, waziri mpya wa Elimu, akabadilisha karibu kila kitu. Muhula wa pili ukarefushwa na wa tatu ukafupishwa. Karatasi za mtihani zikafungiwa kwenye makontena, wakuu wa shule wakawa wanaenda kuzichukua wenyewe kila asubuhi. Na muhula wa tatu ukapigwa marufuku ya wageni: hakuna kutembelewa, hakuna sherehe, hakuna siku ya maombi. Mantiki yake ilieleweka, kwa sababu hotpoti haikuwa ikibeba chapati peke yake kila mahali. Sina kinyongo. Muhula wa pili wa mwaka huo mabweni yalikuwa yameungua katika shule zaidi ya 100 nchini, na mtu yeyote mwenye akili angefunga mageti.

Ila tulisubiri siku ile tangu tukiwa mono. Deskie wangu alikuwa ameshanunua shati.

Ninamwita deskie kwa sababu hataki jina lake liandikwe, na kwa sababu ndivyo ninavyomwita mpaka leo. Alitoka Mbeere, upande wa Siakago, nami nikitoka Runyenjes, kwa hiyo kati ya Wameru wengi tulikuwa "wale wa Embu" na tukapewa deski moja. Hesabu ilimkataa kabisa. Lakini tulipokuwa tukisoma Kidagaa Kimemwozea, yeye ndiye aliyekuwa Mtemi Nasaba Bora. Alijifunga shuka ya bweni begani, akasimama juu ya dawati wakati wa preps, akaamrisha watu kwa sauti ile ya watemi wanaojua wataanguka, hadi mwalimu wa zamu akasimama mlangoni akicheka badala ya kutufukuza. Babake hakuwa akija shuleni. Alikuwa amemwahidi angekuja siku ya maombi. Shati lilikuwa la samawati, la mtumba wa Gakoromone, na alilitundika ndani ya kifuniko cha boksi ili lisikunjike.

Mwisho wa Novemba tulimaliza karatasi ya mwisho. Walimu walikuwa wamechoka kutuzidi. Tulizunguka na fomu ya kuondoka ili isainiwe na mkutubi, mwalimu wa michezo, wa bweni, wa maabara. Kitabu kikipotea unalipa. Halafu kukawa na ule utaratibu ambao haujaandikwa popote lakini kila shule ya wavulana inaujua: unagawa vitu. Godoro kwa mono wako, ndoo kwa mwingine, slipasi kwa yeyote anayetoshana nazo. Wavulana hawaambiani "nitakukosa." Wanapeana kufuli. Deskie alinipa shati lile, likiwa bado na mkunjo wa dukani. Nikamuuliza atavaa nini siku ya sherehe. "Sherehe gani?" akasema.

Tulishuka na Nissan moja hadi Embu. Igoji, Chogoria, kisha ile miteremko ya daraja la Nithi ambapo abiria hunyamaza na hata dereva hupunguza redio, Chuka, Thuci. Mimi nilishukia Runyenjes. Yeye aliendelea, na godoro lake alilokataa kumpa mtu likiwa limefungwa juu ya gari. Alinipungia kwa vidole viwili dirishani. Ndiyo hiyo. Miaka minne, deski moja, vidole viwili.

Matokeo hayakungoja Februari wala Machi kama ilivyokuwa desturi. Yalitoka kabla ya mwaka mpya, watu wakiwa bado wanakula nyama ya Krismasi. Nchi nzima A zilikuwa 141. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 2,600. Kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, waliopata C+ kwenda juu hawakufika 89,000. Hesabu hizo zilisomwa kwenye televisheni kama ushindi, na kwa namna fulani ulikuwa ushindi, maana hakuna tena aliyeuliza kama gredi ni za kweli. Lakini keti sebuleni kwa watu ukiwa na miaka kumi na minane, wajomba wamekuja, nyama iko motoni, na simu inaleta herufi moja. Mimi ilileta B-. Cucu akapiga vigelegele bila kujua B- ni nini.

Grupu ya WhatsApp ya darasa letu ilikuwa na wiki nne tu. Usiku ule watu walianza kuandika gredi zao, wale walizokuwa nazo za kuandika. Saa tatu na dakika kadhaa nikaona ule mstari mdogo wa kijivu: deskie ameondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine kumi na mmoja, mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Hakuna aliyesema neno. Admini akaweka picha ya Yesu.

Nilimpigia. Mteja hapatikani. Niliendelea kumpigia kwa miezi, halafu nikaenda chuo, halafu ikawa ni moja ya nambari ambazo unazihamisha kutoka simu hadi simu bila kuzigusa.

Alinipigia yeye, 2019, Agosti. Alikuwa Meru mjini, ametoka shuleni. Alipata D+, na cheti chake kilikuwa kimebaki ofisini kwa sababu ya deni la karo la shilingi 31,000. Mawaziri zaidi ya mmoja wametangaza kwamba vyeti visizuiliwe. Matangazo hayo huwa yanachoka yakifika kwenye dawati la bursa. Alikuwa ameweka akiba miaka miwili na zaidi akichuma muguka kwa watu, kisha akakodi shamba dogo lake mwenyewe.

"Buda," akaniambia, "nimelipa thelathini na moja elfu kununua D."

Tukacheka. Tulicheka sana, ile ya kushika ukuta, nami niko kwenye korido ya hosteli nikiwa na taulo. Halafu akasema bursa alimpa cheti bila bahasha, ikabidi anunue gazeti la kukifungia.

Wanaoijua muguka ya Mbeere wanajua haina subira. Majani machanga yanachumwa alfajiri, yanafungwa, yanakimbizwa na Probox kabla hayajanyauka, na kesho yake hakuna anayeyataka. Sitaki kuisifu. Nina binamu Mombasa aliyepoteza meno na kazi kwa kutafuna. Lakini pia najua kwamba muguka ndiyo iliyomsomesha dada yake deskie hadi chuo kikuu, na ndiyo iliyomjengea mamake nyumba ya mawe. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipoipiga marufuku Mombasa, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata, Mahakama Kuu ya Embu iliisimamisha marufuku hiyo ndani ya siku chache. Sisi Nairobi tulikuwa tukibishana kuihusu mtandaoni kama mechi. Yeye alinipigia usiku akiwa na magunia yaliyorudi.

"Hebu niambie, wewe umesoma. Wanaweza kufunga kabisa?"

Wewe umesoma. Nilikuwa na digrii, kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kodi ya Rongai iliyochelewa. Nilimsomea amri ya mahakama kwenye simu, aya kwa aya, nikiitafsiri, naye akinisimamisha kila mara na maswali makali kuliko ya mhadhiri yeyote aliyewahi kunifundisha. Mwishoni akarudia kila kitu kwa ufupi, vizuri kuliko nilivyosema mimi. Kesho yake alikuwa akiwaeleza wakulima wenzake pale soko la Siakago. Walinitumia video. Amesimama juu ya kreti, mkono mmoja kiunoni. Nasaba Bora mtupu, bila shuka.

Nina binamu mwingine, mdogo, yuko kidato cha tatu huko huko Imenti. Darasa lao ndilo la mwisho la 8-4-4: walifanya KCPE ya mwisho 2023, na watafanya KCSE ya mwisho 2027. Walikaa miaka miwili wakiwa ndio wadogo kabisa shuleni, kwa sababu hakuna mono aliyekuja nyuma yao. Ni Januari mwaka huu tu ndipo Gredi ya 10 ilipoingia, na hao wanaleta masomo mengine, mtihani mwingine, hata sare nyingine. Siku ya maombi ilirudi, siku hizi shule nyingi huifanya muhula wa pili. Ananiuliza atamwachia nani boksi. Hawa wa Gredi ya 10, anasema, hatuelewani hata jokes.

Nilimwambia amuulize babake kama atakuja siku hiyo. Akaniangalia kama nimepagawa.

Darasa letu nalo linafikisha miaka kumi Novemba hii. Grupu imefufuka. Wanataka tuipelekee shule tangi la maji, na tuwe na chakula cha mchana uwanjani, tualike walimu waliobaki na wazazi walio hai. Kuna mweka hazina, na kila jioni anabandika orodha: jina, kiasi, na, sijui ni nani aliyeanzisha, kazi unayofanya. Daktari, 3,000. Wakili, 2,500. Mimi nimejiandika "mwandishi," 1,000, na hiyo elfu niliikopa.

Nilimwambia deskie. Sikumwambia arudi kwenye grupu. Alinyamaza kidogo, nikasikia mbuzi na pikipiki nyuma yake, akauliza tangi ni la lita ngapi. Baadaye M-Pesa ikaingia: 10,000.

"Usiandike jina," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika Mgeni."

Nikaandika Mgeni, 10,000, na pale kwenye kazi nikaweka kistari. Ndicho kiasi kikubwa kuliko vyote hadi sasa. Tangu jana mweka hazina ananiandikia faraghani: huyu Mgeni ni nani, alikuwa stream gani, tunahitaji kumtambua rasmi siku hiyo, mwambie aje na wazazi wake. Nimemwachia tiki mbili za bluu. Lile shati la samawati bado ninalo, na halijawahi kunitosha mabegani. Nimelipeleka kwa dobi.