Nchi ya Kubuni katika Somo la Jiografia: Funzo kutoka Miburani

Wapo wanafunzi wawezao kutaja sifa tano za ardhi ya kinamasi bila kukosea hata moja, na bado wasijue kwa nini binadamu mwenye akili timamu achague kukaa huko. Hutaja maji, matope, mbu, majani marefu na joto. Mwalimu hutia alama ya pata, na somo huwa limekwisha. Lakini nchi si orodha. Nchi ni mambo yaliyoshikana: maji yameshika udongo, udongo umeshika chakula, na chakula kimeshika namna watu wanavyogawana mashamba, wanavyooana na wanavyorithishana. Mwalimu asiyemfikisha mwanafunzi kwenye mashikano hayo amempa majina tu, na majina matupu hayakai kichwani hata mwaka mmoja.

Katika makala haya nataka kuwaeleza walimu-wanafunzi njia moja ya kufundisha mashikano hayo. Nimeitumia mwenyewe, na nimeitazama ikitumiwa na mwalimu-mwanafunzi katika darasa la tano, nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha huko Miburani, katika kisiwa cha Mafia. Njia yenyewe ni kuwaachia watoto wabuni nchi yao wenyewe, kisha kuipima nchi hiyo ya kubuni kwa nchi ya kweli.

Miburani ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa jina lenyewe ni somo. Mibura ni miti, na mahali pa mibura ni Miburani. Mtoto aliyelielewa hilo ameelewa kwamba watu huyasoma mazingira yao kabla ya kuyapa majina. Zaidi ya hayo, mtoto wa Mafia haihitaji picha ya kitabuni ili ajue ardhi oevu. Kisiwa hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya mwambao wa bara. Kina mabonde yatuamishayo maji, mashamba ya mpunga, hata viboko. Na ng'ambo ya mlangobahari, upande wa magharibi, iko delta ya mto Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000.

Hatua ya kwanza ni ardhi. Zana zake hazina gharama: sinia kuukuu, mchanga, udongo wa mfinyanzi, na kifuu cha nazi kilichotobolewa. Sinia huinamishwa kidogo, maji yakadondoka kutoka kwenye kifuu upande wa juu, na watoto wakatazama. Huona maji yakibeba mchanga, yakipungua nguvu yafikapo chini, yakitua mzigo wake na kugawanyika vijito. Hapo mwalimu haongezi neno. Watoto wa Miburani waliipa nchi hiyo jina la Kinamasini, na tangu dakika ile ikawa mali yao.

Mwalimu aliweka sharti moja tu: kila anayeongeza jambo katika Kinamasini sharti aseme limetokana na nini na litazaa nini. Sharti hili ndilo roho ya njia yote. Pasipo hilo, kazi hugeuka mchezo wa porojo. Mvulana mmoja alitaka kujenga nyumba za mawe. Msichana akamwuliza, mawe yametoka wapi katika nchi ya matope? Mvulana akajibu kwamba yameletwa kwa jahazi. Na wenye jahazi wamelipwa nini? Akafikiri, akasema: boriti za mikoko. Kwa hoja tatu za watoto, biashara ikawa imezaliwa. Hapo ndipo ulipofika wakati wa mwalimu kusema: kwa karne nyingi boriti za mwambao huu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, na vyumba vya nyumba kongwe za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Taarifa hii, iliyokuja baada ya swali, haikuhitaji kukaririshwa.

Hatua ya pili ni tabianchi. Duara huchorwa ubaoni, likagawanywa kwa miezi kumi na miwili. Watoto wa visiwani wanazijua pepo zao: kaskazi na kusi, masika na vuli, maji ya bamvua na maji mafu. Waache wazijaze wenyewe. Kisha waulize swali litakalowatatiza: yawezekanaje Kinamasini kufurika siku ambayo mbingu yake ni nyeupe? Ukingoja jibu bila haraka, yupo atakayeinua macho kwenye kifuu kilicho juu ya sinia. Ndivyo ulivyo mto Rufiji. Maji yake hukusanywa mbali, katika mabonde ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na mvua ya nyanda za juu huwafikia watu wa delta bila wao kuiona ikinyesha. Mwanafunzi aliyelipata wazo hili kwa macho yake hataandika tena kwamba mafuriko ni mvua nyingi tu.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni watu na koo zao. Hapa mwalimu ajihadhari, kwani watoto huingiza katika nchi ya kubuni dharau walizozisikia katika nchi ya kweli. Kikundi kimoja kilisimama kikasoma: "Ukoo wa Matope. Hawa ni wachafu na wavivu." Darasa likacheka. Mwalimu-mwanafunzi hakukemea wala hakufuta. Alirudia lile sharti kwa sauti ya upole: uvivu huo umetokana na nini, na umezaa nini? Kikundi kikanyamaza. Ndipo msichana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema kwamba bibi yake alizaliwa delta, na kwamba huko watu hukesha usiku kucha juu ya dungu wakifukuza nguruwe na viboko wasile mpunga. "Mvivu hakeshi," akasema, akaketi. Kikundi kilifuta maneno yake chenyewe. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa tukio kubwa la wiki ile, na halikuwamo katika andalio la somo. Mtoto yule angeweza kutoka darasani akimwonea haya bibi yake; alitoka akiwa shahidi wake.

Baada ya hapo darasa lilikuwa tayari kupokea habari za kweli. Mwalimu akaeleza kwamba dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kwamba katika bonde la Rufiji wakulima walipanda mpunga mvua zianzapo, wakingoja mto uufikie; na maji yalipokwisha kupwa, walipanda mahindi, kunde na pamba katika tope bichi lililoachwa nyuma. Kilimo hicho huitwa mlau. Mafuriko yaliyokuwa adui katika vitabu yakawa mbolea katika hesabu ya mkulima.

Kisha likaja swali la urithi: maji yakilifuta shamba lako, utalima wapi? Wengine walisema atanunua jingine, wengine, atahama. Mmoja akasema: "Ataomba kwa ndugu wa mama." Jibu hili linastahili kutiliwa mkazo, maana liko karibu sana na mila za Mafia yenyewe. Mtaalamu wa mila Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa hiki katika miaka ya 1960, ameeleza koo ambazo mtu huziingia kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, na ambazo zilikuwa njia ya kupata ardhi ya kulima porini. Minazi, kwa upande wake, ilikuwa mali ya mtu binafsi, ikirithiwa mbali na ardhi iliyosimama juu yake. Tuwaulize watoto sababu. Shamba la porini hulimwa miaka michache kisha likaachwa lipumzike. Hakuna faida mtu mmoja kuling'ang'ania. Mnazi hukaa miaka mingi na kuzaa mwaka mzima; huo una mwenyewe. Na ukoo wenye milango miwili humpa mtu pa kukimbilia mlango mmoja ukifungwa. Hivyo mila, ambayo watoto huidhani kuwa amri ya wazee tu, huonekana kuwa pia jibu la watu kwa udongo na mvua zao.

Huenda msomaji akauliza: je, haya yote yana uzito gani kwa mtoto wa darasa la tano? Namjibu kwa mfano wa historia. Kuanzia mwaka 1968, kufuatia mafuriko, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji na kuwaweka katika vijiji kwenye ardhi ya juu. Nia ilikuwa kuwaepusha na maji na kuwafikishia shule, zahanati na huduma nyingine. Lakini udongo uliowalisha ulibaki bondeni, na wengi waliendelea kurudi huko kulima, wakikaa katika madungu mbali na vijiji vyao vipya. Mpango uliyaona maji kama hatari, nayo ni hatari kweli. Haukuuona ipasavyo upande wa pili wa maji yale yale. Swali hili halijazeeka. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto unaowalisha watu wa mlau sasa una mlango. Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia. Watakaoamua juu ya mabonde, mikoko na visiwa vyetu miaka thelathini ijayo wameketi leo katika madawati yenu. Wakizoea kuuliza "limetokana na nini, litazaa nini?", watauliza vivyo hivyo mbele ya ramani za ofisini.

Namaliza kwa tahadhari nne. Kwanza, gawa ubao sehemu mbili: upande mmoja "Tumebuni", upande wa pili "Tumehakikisha", mtoto asiondoke akidhani Kinamasini iko katika ramani ya Afrika. Pili, usiruhusu koo za kubuni zipewe majina ya koo au makabila yaliyopo. Utani wa darasani huweza kufika nyumbani ukiwa tusi. Tatu, wapeleke watoto kwa wazee wakaulize, lakini kwa adabu na kwa idhini, na si kwa mambo ya siri za ukoo au magomvi ya mashamba. Nne, usiwe na pupa ya kutoa jibu. Darasa la watoto sabini linaweza kufanya kazi hii kwa vikundi vya watu saba saba, kwa masinia mawili au matatu ya zamu, na kwa vipindi vinne. Lakini haliwezi kuifanya ikiwa mwalimu amekwisha kuyaandika yote ubaoni kabla hawajaketi.

Mtakapopangiwa shule zenu za mazoezi, wengine mtafika penye milima, wengine penye mbuga kavu, wengine mijini. Msibebe Kinamasini kwenda nayo. Tafuteni kwanza jina la mahali mlipofikia lina maana gani, mvua yake hutoka wapi, na mtu aliyepoteza shamba pale humwendea nani. Mkiyajua hayo matatu, mtakuwa na somo la muhula mzima.