Kutu Huanza Uvunguni

Sisi wa Kisangani twaijua kutu. Karibu na Ikweta mvua haina mwezi wa kupumzika, na baiskeli ya abiria, tuiitayo toleka, isipofutwa na kutiwa mafuta, haimlishi mwenyewe siku nyingi. Kwa hiyo twastaajabu kwamba MGB GT, motokaa ya Kiingereza ya safari ndefu iliyotokea mwaka 1965, zingaliko zitembeazo barabarani.

Motokaa hiyo haina fremu ya pekee. Bati la mwili wake ndilo libebalo mzigo. Chini ya milango mna mihimili yenye uwazi ndani. Matope yakiziba matundu ya kutolea maji, kutu hula kwa ndani huku rangi ya nje yang'aa. Fundi mwema huzibua matundu kwanza, ndipo apake nta. Huko Nairobi, katika mashindano ya motokaa zilizotunzwa, yaliyoanzishwa mwaka 1970, waamuzi huchungulia hata uvungu.

Enyi vijana, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ainamaye kila jioni kufuta mnyororo wa baiskeli yake ana ustadi uleule wa mwenye motokaa ya fahari. Na kwa ustadi huo watoto wake hupata chakula.