Mashine ya Unene Hainyooshi Kombo

Sisi maseremala tuliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo tulianza kazi kwa randa ya mkono. Mninga na mvule tuliujua kwa kiganja: ukipitisha mkono juu ya ubao, unajua mlima umebaki wapi. Huku tumekuta mwaloni na mjozi, na pahali pa kiganja imekaa mashine ile ambayo mafundi wa nyumbani huiita thiknesa. Wengi wetu tumenunua ndogo, ya upana wa inchi 12 au 13, iliyokwisha kutumika, tukaiweka gereji. Msaada wake ni mkubwa, ila ina tabia zake.

Ya kwanza ni kwamba hainyooshi. Rola huubana ubao uliopinda ukalala chali, visu vikala upande wa juu, na ubao ukitoka hurudia kombo lake, tena sasa ni mwembamba. Upande mmoja upigwe randa kwanza mpaka utulie bila kutikisika. Hapo ndipo mashine itaweza kuufanya wa pili ulingane nao.

Ya pili, hula ncha. Ubao ukibaki mikononi mwa rola moja, huinuka na kuchimbwa inchi mbili tatu za mwisho. Dawa yake ni kuegemeza ubao vizuri unapoingia na unapotoka, na kuacha urefu wa ziada wa kukata baadaye. Ubao mfupi kuliko nafasi iliyopo kati ya rola mbili usiingizwe kabisa: hugeuka na kurushwa.

Kwa mwaloni, tule kidogo kidogo, sehemu ya 32 ya inchi kila mara, yaani chini kidogo ya milimita 1. Kisha tupime ubao kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, meza na visu haviko sambamba. Mstari ulioinuka ubaoni maana yake kisu kina pengo, na mara nyingi ni zawadi ya msumari uliojificha katika mbao za pallet tunazookota bure. Msumari mmoja hula faida ya wiki.

Ubao ukikwama njiani, tusiusukume kwa nguvu. Tuchomoe waya wa umeme, tufute utomvu kwenye rola, tupake meza nta. Na vumbi tusilidharau: tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeliorodhesha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani. Barakoa ni bei ndogo.

Yapo pia mambo ya hali ya hewa. Louisville, kando ya mto Ohio, Agosti ni joto la unyevu, na chuma hushika kutu gerejini. Buffalo, kando ya ziwa Erie, Januari hita huwaka usiku na mchana, na hewa ya ndani hukauka. Ubao uliorandwa kule kiangazi, ukisafirishwa kwa barabara ya 71 kupitia Columbus hadi Cleveland, kisha ya 90 mpaka Buffalo, utasinyaa upana wake sebuleni kwa mwenyewe. Tuuache ukae ndani ya nyumba wiki mbili tatu, ndipo tuupe unene wa mwisho.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Nyumbani mteja alitujua kwa jina la baba au la mwalimu aliyetufunza. Huku hakuna anayewajua hao. Mteja huweka kiganja juu ya meza, akakivuta taratibu hadi ukingoni, na kwa hicho tu huamua kama sisi ni mafundi.