Mchoro Usio na Mtu Wala Mti

Iwapo wewe ni mkazi wa Nairobi, bila shaka umepita mara nyingi pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jirani na jumba la Nyayo. Yamkini hujawahi kuitupia jicho nyumba ya mawe iliyojibanza kwenye kona. Ilijengwa mwaka wa 1913 ikawa afisi ya Mkuu wa Mkoa. Waliozaliwa, waliooana na waliofariki waliandikishwa humo, na ni kutoka hapo ambapo umbali wa miji mingine ya Kenya ulipimwa. Leo inaitwa Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa.

Wapeleke watoto Jumapili moja. Humo mna sehemu ya hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, kisha akaacha siasa. Ukusanyaji hakuuacha. Alinunua vitabu, stempu, vitambaa, vinyago na michoro, wakati ambapo wengi wenye pesa walikuwa wakinunua mashamba. Sehemu nyingine ya mali yake iko katika jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyotarajia igeuzwe taasisi ya elimu ya Afrika, ilibomolewa. Murumbi aliaga dunia mwaka wa 1990, lakini vile alivyovikusanya bado tunavitazama.

Nimekuanzishia safari hapo kwa sababu mchoro ninaotaka uuone unamhitaji mnunuzi wa aina ya Murumbi. Haumo katika nyumba hiyo. Toka nje, panda matatu ya Kawangware, ushuke ufuate kichochoro hadi kwenye chumba cha mabati ambamo kijana mmoja mchoraji hufanyia kazi zake. Mlango huwa wazi, maana mwanga anaoutegemea ni wa jua.

Mchoro wenyewe uko mezani, umelala kama ugali uliopakuliwa. Ni karatasi nene, pana kama gazeti hili ukilifunua. Humo hutaona twiga, wala Mmasai na mkuki, wala mama aliyebeba kuni. Kuna baka kubwa la buluu kama sweta ya shule iliyofuliwa mara nyingi, rangi ya udongo wa murram imelisukuma kutoka chini, na kwenye ukingo kuna mstari mwembamba wa manjano unaokataa kunyooka. Basi. Hiyo ndiyo sanaa dhahania, isiyoiga umbo la kitu chochote.

Utasema hata mwanao wa darasa la pili angechora hivyo. Mpe brashi ajaribu! Rangi hii huitwa guashi. Ni unga wa rangi uliochanganywa na maji na gundi ya mgunga, na ni nzito kiasi cha kuficha kilicho chini yake, tofauti na rangi nyingine za maji zinazoacha weupe wa karatasi upenye. Mti utoao gundi hiyo si mgeni kwetu. Humea Turkana, Samburu, Isiolo na Wajir, ingawa Sudan ndiyo inayojulikana zaidi kwa biashara yake. Ila guashi ina vitimbi. Rangi nyeusinyeusi ikikauka hufifia, ile nyeupenyeupe hukolea. Kwa hiyo mchoraji hupaka rangi asiyoiona, akikisia itakavyokuwa baada ya nusu saa. Akirudia juu kwa brashi yenye maji mengi, ile ya chini huamka na vyote vikageuka tope.

Wazee wa kazi hii waliijua vyema. Henri Matisse, Mfaransa aliyedhoofishwa na upasuaji mwaka wa 1941, aliwapa wasaidizi wake kazi ya kupaka karatasi guashi, naye akazikata kwa mkasi. Kazi yake ya mwaka wa 1953 iitwayo Konokono ina upana wa karibu mita tatu, nayo ni mali ya Tate, jijini London. Ni vipande vya karatasi tu, lakini watu hupanda ndege kwenda kuviona.

Kijana wa Kawangware wateja wake wengi ni wageni. Karatasi huingia kwenye sanduku la safari bila taabu, na hivyo michoro yake mingi hupaa kabla jirani yake hajaiona. Sidhani ni haki kuwalaumu wageni. Mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioandaliwa na Circle Art Agency hapa Nairobi mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba kazi za wachoraji wetu zaweza kupigiwa bei hadharani, papa hapa nyumbani. Tena mchoro wa karatasi aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko wa turubai, japo ni mmoja tu duniani.

Ukiununua, uliza kwanza karatasi ni ya nini. Gazeti hili limetokana na miti, na ukiliacha juani wiki moja litageuka manjano. Karatasi ya pamba hustahimili miaka mingi. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi yenye dirisha baina ya mchoro na kioo, kwani guashi ikigusana na kioo hunata wakati wa unyevu. Usiutundike mkabala wa dirisha wala karibu na jiko. Kama nyumba yako iko Mombasa, uchungulie mara kwa mara usije ukaota ukungu.

Dai risiti yenye jina la mchoraji, mwaka, vipimo na aina ya rangi. Naye aandike hayo hayo nyuma ya karatasi kwa penseli, maana wino hupenya hadi mbele.