Nipime Nikiwa Nimekaa

Nina miaka 61. Nyonga zangu ni sentimita 128 nikisimama, na 136 nikikaa. Naandika namba hizi wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilizificha, hata kwa fundi, na kuficha huko kuliniumiza. Akina mama wa zone yetu wanaonijua watacheka. Wacheke tu, najua nao wana namba zao.

Nilivuka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa 1996 kutoka Baraka. Wakati huo nilikuwa mwembamba, mtu ungenishika kiuno kwa mikono miwili. Mabegi hatukubeba. Nilivaa nguo tatu moja juu ya nyingine, kama walivyofanya wengi, mgongoni mtoto. Nguo ya katikati ilikuwa libaya ya buluu ya kitenge cha wax, ambayo mama yangu alinishonea kwa mashini yake ya kuzungusha kwa mkono. Mama alibaki, akasema miguu yake haiwezi tena mbio. Sikumwona tena. Mpaka leo, hapa Nyarugusu, kitu nilicho nacho kilichoshikwa na mikono yake ni hiyo libaya.

Kwa ndugu zetu ambao hawaijui: libaya ni blauzi ya kina mama wa Kongo. Inakaa vizuri kifuani, halafu kiunoni inafunguka na kuanguka juu ya kikwembe. Mama aliyeolewa huongeza kikwembe cha pili juu ya kile cha kwanza. Wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, ilipokuja siasa ya otantisite, wanaume waliacha suti na tai wakavaa abakosti, na wanawake tukaambiwa kikwembe ndiyo nguo yetu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Mama alipata kazi nyingi sana miaka ile.

Basi, nimezaa, nimezeeka, nimenenepa. Kule kwetu mama mnene alisifiwa, watu walisema mume wake anamtunza. Hapa kambini maneno ni mengine. Unasikia nyuma yako kwenye mstari: "Huyu naye analia njaa?" Ndugu msomaji, unene wa mkimbizi mzee si shibe. Ni unga na maharage miaka nenda rudi, ni magoti yasiyotembea mbali, ni uzazi, ni umri. Mimi nina presha pia. Lakini huwezi kusimama kwenye mstari ukaanza kumweleza kila mtu.

Miaka kadhaa nyuma shirika moja lilileta mabelo ya nguo za mitumba. Kila mwanamke alipewa furushi lake. Langu lilikuwa na suruali ya jinzi ya msichana na fulana ambayo hata mkono haukupita. Kijana aliyekuwa anagawa aliiangalia fulana, akaniangalia mimi, akatabasamu. Hakunitukana. Lakini lile tabasamu nililibeba mpaka nyumbani. Nguo nilizibadilisha kwa vipande viwili vya sabuni. Tangu siku ile nikazoea kuvaa gauni moja jeusi, pana kama gunia, kwenda kisimani, kanisani, hospitali. Nilijiambia: wewe sasa ni wa kujifunika tu.

Mwaka jana mjukuu wangu akapata mchumba. Familia ikachagua sare, kitenge cha kung'aa rangi ya machungwa, na wasichana wakachagua mshono: solo. Mnaijua solo, inabana kifua, kiuno na mapaja, halafu inafunguka chini ya magoti kama mkia wa samaki. Kwa msichana wa miaka 22 inapendeza sana, sisemi uongo. Yangu ilishonwa kwa vipimo vya kukisia, kwa sababu nilikataa kupimwa. Nilisema, "Ongezeni tu kidogo." Nilipoivaa zipu ilifunga, lakini niliweza kutembea hatua za kuku tu. Kukaa sikuweza. Na choo chetu, mnakijua, ni cha kuchuchumaa. Harusi ya kutoka asubuhi mpaka jioni, ningefanya nini?

"Koko, vaa tu, ni siku moja," mjukuu akanibembeleza. "Utavumilia."

Nikasema ndiyo. Moyoni nilishapanga: asubuhi ya harusi nitasema nina malaria. Nitalala. Wataleta chakula nyumbani. Mwanamke aliyevuka ziwa na mama yake bibi harusi mgongoni alikuwa tayari kudanganya ugonjwa kwa sababu ya zipu.

Aliyenizuia ni fundi mmoja, mama wa Kirundi ambaye cherehani yake iko chini ya mti karibu na njia yetu. Nilimpelekea ile solo nikamwomba aifanye tu gauni la kulalia, nisiione tena.

"Mama, nani alikupima?"

"Hakuna."

"Basi kosa si la mwili wako. Hii nguo ilishonewa mtu mwingine. Kaa hapo nikupime."

"Nikae? Si watu hupimwa wakisimama?"

"Kanisani utasimama saa ngapi? Kaa, mama."

Akanipima nimesimama, halafu nimekaa, akaandika zote mbili. Ndipo nilipojua hizo sentimita nane nilizokuwa nazipigania kila siku. Akapima mkono wangu wa juu, pale panene, akaniambia nguo za wazee wengi huchanika hapo na kwapani, si tumboni kama tunavyodhani. Akapima kutoka begani mpaka ncha ya ziwa, kwa sababu maziwa ya mama mzee hayako mahali yalipokuwa zamani, na mikunjo ya kifua ikikaa juu mno, nguo yote inapanda mbele. Hakuna mtu aliyewahi kunigusa kwa utepe wa kupimia kwa adabu namna ile, bila kucheka, bila "pole".

Halafu akauliza, "Huna nguo unayoipenda?"

Nikamletea libaya ya mama. Ilikuwa haifungi kwa vidole vinne. Nilimwambia hiyo ni ya kuangalia tu, haiguswi. Akaigeuza ndani nje, akachungulia mishono. Akaniita nisogee. Ndani, kila upande, mama alikuwa ameacha akiba ya kitambaa karibu vidole viwili, imekunjwa vizuri na kupigwa mshono wa kushikiza. Fundi wa leo hukata mpaka ukingoni kuokoa kitambaa. Mama hakukata. Alijua binti hunenepa.

Nililia pale chini ya mti, watu wakipita na ndoo.

Lakini kuna jambo moja lilinitisha. Kufungua akiba ilikuwa ni kufumua uzi wake, ule alioutia mwenyewe. Na hata hivyo isingetosha kwapani, lazima kuongeza kipande. Nilirudi nyumbani na libaya nikalala nayo siku mbili. Siku ya tatu nikafikiri: nikifa, wajukuu wataikuta kwenye mfuko wa plastiki na hawatajua ni nini. Nikirudi nimeivaa, watauliza nani alishona. Nikaipeleka. Nikamwomba tu uzi wa zamani anirudishie, akautia kwenye karatasi.

Sasa nitawaambia alichofanya, maana mama yeyote anaweza kumwomba fundi wake vivyo hivyo.

Alifungua akiba za pembeni. Kwapani aliweka kikwapa, kile kipande cha pembe nne kama wanavyoweka kwenye kanzu, ili mkono uinuke bila kuvuta nguo yote. Alitumia mabaki ya kitenge kinachokaribiana rangi. Shingo ya duara iliyonikaba aliishusha kidogo ikawa V. Uso na shingo vikaonekana virefu zaidi, na jasho likapata njia. Mikono aliipanua ifike kwenye kiwiko. Nikienda kupima presha naipandisha tu, sivui nusu ya nguo mbele ya watu. Kiuno hakukibana. Aliacha kirinda kianze juu kidogo ya kiuno, chini ya kifua, kisha kianguke. Tumbo lipo, kila mtu anajua lipo, ila nguo hailitangazi.

Ile solo aliifumua, vipande vyake akaviunganisha na mabaki ikawa sketi pana yenye mpira mpana kiunoni. Mpira mwembamba hukata nyama na kuacha alama, mpana hushika bila kuumiza. Kilichobaki kikawa kilemba. Hivyo sare ya familia nilikuwa nayo, kichwani na chini.

Alinifundisha na mambo ya kitambaa. Kitenge cha sare kilikuwa na nailoni, hakinywi jasho, ndiyo maana akasema ndani nivae gagulo la pamba. Ukitaka kujua, chomoa uzi mmoja uuchome mbali na nguo: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, hizi za kiwandani huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Sisi tunaochubuka mapajani, kaptula ya pamba ndani inasaidia kuliko poda. Kuhusu kikwembe, yadi mbili ni sentimita 183 hivi. Kwa nyonga za 128 nikisimama kinabaki cha kupishana kama 55, nikikaa ni pungufu, na upepo wa hapa mnaujua. Mwambie fundi aongeze kipande upande unaokaa ndani, hakuna atakayekiona. Na maua makubwa msiyaogope. Nilikuwa najificha kwenye rangi nyeusi, kumbe ua dogo dogo juu ya mwili mkubwa hupotea, ua kubwa linakaa.

Siku ya harusi nilivaa. Mishono ya pembeni ilionyesha mistari miwili ya buluu kali, kwa sababu kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani hakikupauka kama kingine. Nilitaka kuificha kwa kitambaa cha begani. Mjukuu, akiwa na shela yake, akakiondoa. "Koko, hii mistari ni ya nini?"

Nikamwambia: "Hiyo ndiyo rangi yake siku tulipovuka."

Nilikaa kiti cha mbele. Nilisimama, nilikaa, nilikwenda choo mara mbili kama mtu, nilirudi. Walipopiga ngoma nilicheza mpaka magoti yakaniambia inatosha. Wasichana wenye solo walikuwa wamesimama ukutani wanatuangalia, hawawezi kukaa. Wawili wameshaniuliza fundi wangu ni nani.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina ombi, halina ukali. Mnapogawa nguo, msihesabu tu vichwa. Ulizeni saizi, na sisi wazee tuulizwe pembeni, si kwa sauti mbele ya mstari. Kama hakuna saizi zetu, kitenge cha yadi sita na nauli ya cherehani vitatufaa kuliko blauzi tatu zisizoingia. Mnapomwona mama mnene hapa, msidhani hana shida. Na mnapoona mama hatoki tena, haji mkutanoni, haji kanisani, kabla ya kuandika kwamba hataki kushiriki, muulizeni ana nguo gani.

Kwenu mama zangu: nendeni mkapimwe. Ile namba haitawaua. Mimi yangu nimeiandika hapa juu kabisa, na bado nipo. Mwambieni fundi awapime mkiwa mmekaa, na aache akiba ndani, vidole viwili kila upande. Binti zenu nao, siku moja, watanenepa.