Hesabu Kabla ya Mshono

Pale Chala, wilayani Nkasi, mfanyabiashara wa mahindi huhesabu magunia yanapopakiwa kwenye lori, kisha huyahesabu tena kabla lori halijaondoka. Hakuna anayemlaumu kwa hilo.

Mama yangu mdogo, mkulima wa huko, alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Kwa miezi mitano alilalamikia maumivu ya tumbo, akaambiwa avumilie, kidonda kitapona. Alipopasuliwa tena alikutwa na kitambaa cha kufyonzea damu. Baadaye muuguzi mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile hesabu haikutimia, ila hakuthubutu kumzuia daktari aliyekwisha kuanza kushona.

Teknolojia ya kuzuia msiba huu ipo. Vitambaa vingi vya upasuaji hufumwa na uzi unaoonekana kwenye picha ya eksirei. Katika nchi tajiri, baadhi huwekewa kidude kidogo kinachotambuliwa kwa mawimbi ya redio, kifaa kinapopitishwa juu ya mwili wa mgonjwa. Natamani hospitali zetu za wilaya ziwe navyo.

Hata hivyo, tusisahau Ifakara. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, vipengele 19 katika karatasi moja. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, sambamba na za London na Seattle. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimojawapo humtaka muuguzi atamke, mbele ya wote, kwamba hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano imetimia.

Kutamka huko ni suala la madaraka. Kifaa kinaweza kulia, lakini ni binadamu atakayesema, “Daktari, tusimame.” Pale ambapo mdogo humwogopa mkubwa, mashine itazimwa kama muuguzi yule alivyonyamazishwa na hofu yake.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandaa bajeti na miongozo, nunueni vifaa hivyo. Lakini andikeni pia kwamba muuguzi ana haki ya kusimamisha mshono, na kwamba hataadhibiwa kwa kufanya hivyo. Mama mdogo bado huniuliza: ikiwa magunia huhesabiwa mara mbili, kwa nini yeye hakuhesabiwa?